Mashine Zilizozunguka Bure

Ngungu, kiwanda cha chai
14 Februari 1954

Shemeji Athanase,

Barua hii itapita ofisini, na karani Faustin ana desturi ya kusoma kabla ya kubandika stempu. Kwa hiyo usishangae nikiandika kama mtu anayeungama kwa padri asiyemjua. Dada yako Colette ni mzima, watoto pia. Mama yangu alirudi Kingi wiki iliyopita. Wewe na Léontine, natumaini msitu wa Walikale haujawameza.

Nina shida, na dawa yake iko kwako. Unakumbuka kile kitabu cha umeme tulichonunua wawili pale shuleni Costermansville, tukakikata kwa wembe siku ya kuachana? Mimi nilichukua nusu ya waya na mashine, wewe ukachukua nusu ya majedwali ya hesabu. Nilikucheka kwamba umebeba mifupa na kuniachia nyama. Sasa naihitaji mifupa.

Mekanisiyani wetu musungu amerudi Ulaya na ini lake bovu. Direkteri anajua chai, umeme haujui. Anataka kuongeza mashine ya tatu ya kukausha, na alternateri yetu kule mtoni tayari inachemka. Wewe unajua kwa nini. Moteri za kusokota majani zinaomba umeme wa aina mbili: mmoja unafanya kazi, mwingine unakwenda na kurudi kwenye waya bila kusokota hata jani moja. Kosinusi yetu ni mbaya, maana yake huo wa pili ni mwingi, na alternateri inachoka kwa kubeba kitu kisichofanya kazi. Dawa ni visanduku vya kondansateri. Vikiwekwa karibu na moteri, vinazipa ule umeme wa kwenda na kurudi papo hapo, na alternateri inapumua.

Lakini vingapi? Vikiwa vichache, havisaidii. Vikizidi, volti zinapanda, na zikipanda zinaunguza taa, moteri, na mtu aliyesimama mbele ya tablo, ule ubao wa swichi na sindano. Direkteri aliniita akasema: "Weye ulisoma. Uniambie visanduku ngapi nitaomba Ulaya. Ukisema muzuri, utakuwa fundi wa kwanza, utapata nyumba ya matofali. Na siku ya kuwasha, njo weye utawasha na mukono yako."

Nilisoma sindano tarehe 9 mwezi huu. Kosinusi ni 0,55. Nguvu iliyoandikwa kwenye rejista siku hiyo ni kilowati 120. Tunataka kosinusi ifike 0,92. Nipigie hesabu, shemeji. Usikawie.

Damascène

*

Walikale, sentrali ya machimbo
3 Machi 1954

Shemeji Damascène,

(Karani Faustin, kama unasoma, salamu kwako pia. Mkeo hajambo?)

Mvua imekata daraja mara mbili, ndiyo maana jibu limechelewa. Huku tuko wazima. Léontine anasema anakusalimia wewe kidogo na Colette sana.

Kabla ya umeme, mambo ya maana. Nampelekea mama yako, Mama Mukasine, chupa mbili za asali kwa mkono wa Polycarpe, yule dereva wa kamio. Ni ile ya nyuki wadogo wasiouma, aliyoniomba siku ya harusi yenu, aliposema kwamba sisi watu wa msituni hatuna ng'ombe lakini tuna utamu. Nilicheka mpaka nikamwaga pombe yangu ya kasiksi. Umpelekee Kingi wewe mwenyewe. Usimpe mtoto abebe, ataimaliza njiani.

Sasa mambo yako. Nimefungua mifupa, wembe wa siku ile ulikula pembe za kurasa lakini tanjenti zote ziko. Hata hivyo sijapiga hesabu. Kosinusi yako inaniwasha. Moteri iliyojaa majani mdomoni huonyesha 0,75, labda 0,80. Ukiona 0,55, hiyo ni moteri inayozunguka bure, haina cha kutafuna. Sawa, yatokea. Lakini moteri zinazozunguka bure haziwezi kula kilowati 120! Zingekula nusu ya hizo. Namba zako mbili hazikulala nyumba moja, shemeji.

Ulizisoma siku moja? Saa moja? Majani yalikuwa ndani ya mashine? Niambie kweli. Mimi niko mbali, sioni tablo yako, naona karatasi tu. Kama kuna kitu unanificha, ujue wahenga walisema mficha ugonjwa, kilio humuumbua.

Nisalimie mama. Mwambie asali nyingine itakuja mwezi wa saba.

Athanase

*

Ngungu
21 Machi 1954

Shemeji,

Asali imefika, chupa zote mbili nzima. Asante. Mama hajasema kitu.

Namba ni za siku moja. Rejista ilisainiwa na Direkteri mwenyewe, iko ofisini, mtu yeyote anaweza kuifungua. Mashine zilikuwa zinazunguka tangu asubuhi mpaka jioni, watu wote wa Ngungu walizisikia, hata Direkteri alizisikia kutoka nyumbani kwake. Sina la kuongeza.

Nakuomba usiniulize tena. Barua ya maagizo inaondoka kwenda Ulaya mwisho wa mwezi wa nne. Nikimwambia Direkteri kwamba namba hazieleweki, ataniuliza kwa nini, kisha atamuuliza Straton, kapita anayesimamia watu, kwa nini, na maswali hayo hayatabaki kwetu wawili. Piga hesabu kwa namba nilizokupa.

Tena usiandike habari za kilio ndani ya barua zako, hata kwa mzaha. Faustin alikuja mezani kwangu akaniuliza: "Damascène, ni kilio gani ile shemeji yako anasema?" Nikamwambia ni methali. Akaondoka, lakini hakuamini.

Damascène

*

Walikale
9 Aprili 1954

Damascène,

Umekasirika, nimesikia. Nimekuwa shemeji yako miaka sita na hii ndiyo mara ya kwanza unaniandikia kama karani.

Nimepiga hesabu mara tatu. Kwa kosinusi 0,55 tanjenti ni 1,52. Kwa 0,92 ni 0,43. Toa moja kwa nyingine, zidisha kwa kilowati zako 120, unapata kilovari 131, ndicho kipimo cha ule umeme wa kwenda na kurudi. Visanduku vinauzwa vya 22. Kwa hiyo ni sita.

Hesabu yangu ni safi. Namba ni zako, na mimi bado siziamini. Kama ungekuwa mtu mwingine nisingekujibu kabisa, lakini mwisho wa mwezi wa nne hauningoji, na najua ukikosa jibu langu utaandika lolote.

Mama alipenda asali? Hukusema.

Athanase

*

Ngungu
5 Septemba 1954

Shemeji yangu,

Nimenyamaza muda mrefu, unisamehe. Visanduku vimefika. Sita, vyeusi, vizito, kila kimoja kilibebwa na watu wawili kutoka barabarani. Nimevifunga ukutani ndani ya kizimba cha waya, na vyote vinawashwa kwa swichi moja kubwa iliyo humo humo ndani. Kizimba kina kufuli, na ufunguo anao Direkteri peke yake, maana anaogopa watu watagusa.

Siku ya kuwasha ni Jumatatu, tarehe 11 Oktoba, saa mbili asubuhi. Direkteri ameshawaambia mabwana wa mashamba jirani waje kuona fundi wake mweusi aliyepiga hesabu. Nyumba ya matofali imeshapakwa chokaa. Kila nikipita mbele yake nageuza uso.

Nakuuliza kitu kidogo, kwa kujua tu. Tuseme mtu ameweka visanduku vingi kuliko inavyotakiwa. Sisemi ni sisi. Anaona dalili gani kwanza? Ana muda wa kufanya kitu, ao inakuja mara moja? Nusu yangu ya kitabu inasema "hatari ya volti kupanda, tazama ukurasa 212". Ukurasa 212 uko kwako.

Nakula kidogo. Colette yuko Kingi tangu wiki mbili, ana kazi za familia. Bila yeye nyumba imekuwa kimya na nasikia kila mlio wa kiwanda.

Damascène

*

Kingi
14 Septemba 1954

Kaka Athanase,

Ni miye Colette njo naandika, na naandika na hasira, nakuambia mbele usiseme sikukuambia. Miezi saba nilinyamaza. Sasa nimeshindwa.

Mama mukwe wangu alikufa mwezi wa pili, na weye haukukuja. Haukutuma mbuzi, haukutuma blanketi, haukutuma hata neno. Ulituma asali! Asali kwa muntu mwenye kuwa mu udongo! Siku ile Damascène alifungua pakiti, akaangalia zile chupa, akaziweka chini ya kitanda, akatoka inje. Mpaka leo haziguse. Watu wa Kingi wananiuliza: "Ndugu zako wa Walikale ni watu wa namna gani?" Bwana yangu aliniambia alikuandikia. Na ni kweli, barua niliiona na macho yangu.

Ao alikuficha? Hiyo mawazo ilinikujia leo tu, wakati nilianza kuandika. Kama alikuficha, basi sikiliza miye.

Mama alikufia kwetu mu kambi ya kiwanda, siku ya yenga, ile jumapili ya tarehe saba ya mwezi wa pili. Alisema azikwe Kingi, pembeni ya bwana yake. Toka Ngungu mpaka Kingi na ngobi ya maiti ku mabega, na ile milima yote, wabebaji wanapashwa kuwa wengi wa kubadilishana. Kapita Straton akaenda kuomba ruhusa. Direkteri alikuwa ku kitanda, farasi ilimuangusha, muguu ilivunjika. Hakuuliza hata ni nani alikufa, akasema: "Wakati ya majani, wantu wawili tu." Wantu wawili watabeba maiti namna gani, kaka?

Njo Straton akapanga. Wanaume makumi mbili na ine wa Kingi wabebe. Na mashine zizunguke bila majani, kusudi Direkteri ku kitanda yake asikie sauti, aseme kazi iko. Lakini kulikuwa lazima abakie muntu mwenye kujua mashine, na ule muntu ni mumoja tu. Bwana yangu akabakia siku tatu peke yake na zile mashine zenye kuzunguka bure. Kila mangaribi aliandika mu rejista kilowati za siku zote, kama vile kazi ilikuwa. Sisi tukaenda kumuzika mama yake. Wanaume walirudi wakatumika hata posho na yenga, siku za kupumzika, mpaka kilo za chai zikatimia, hakuna mwenye alijua.

Damascène ni mutoto wa kwanza, kaka, ni yeye alipashwa kuanza. Udongo wa kwanza ulitupwa na mutoto wa ndugu yake. Damascène mupaka leo hajaona kaburi, na hajalia. Nakuambia hajalia hata siku moja. Ukimutajia mama, anauliza tu bei ya chumvi.

Tunamaliza kilio tarehe makumi mbili na tatu ya mwezi wa kumi, hapa Kingi. Ukuje. Ulete mbuzi, na usilete maneno.

Dada yako Colette

*

Walikale
2 Oktoba 1954

Damascène, ndugu yangu,

Barua hii haipiti ofisini. Polycarpe anaibeba ndani ya kofia yake na ameapa kukupa mkononi. Barabara imeoza baada ya daraja, anasema siku tano, labda nane. Namwombea Mungu ziwe tano.

Colette ameniandikia. Najua yote. Mama Mukasine amekufa, na mimi nilikuwa nakuuliza kama alipenda asali. Ninaona aibu nikikumbuka. Nina hasira na wewe pia, nitakuonyesha tukionana, lakini leo sina nafasi ya hasira kwa sababu ninaogopa.

Sasa nimeelewa namba zako. Kosinusi uliisoma kwa macho yako, moteri zikizunguka bure. Kilowati 120 uliziandika wewe ili kuwafunika watu wa Kingi. Namba moja ni kweli, nyingine ni sadaka, na mimi nikazizidisha pamoja. Kosinusi ya kazi kamili huko kwako lazima ni kama 0,76. Nimepiga upya: visanduku vitatu vinatosha. Umefunga sita.

Ukipata barua hii kabla ya tarehe 11, ondoa waya za visanduku vitatu, umwambie Direkteri kwamba hivyo ni vya akiba. Hiyo ndiyo njia nzuri.

Kama vimeshawashwa, soma polepole. Ukurasa 212 niko nao hapa. Wakati wa kazi hakuna hatari kubwa, kwa maana moteri zinameza ule umeme wa visanduku. Utaona sindano ya kosinusi imevuka moja, imeangukia upande wa pili. Hatari iko saa sita mchana, watu wanapozima moteri zote kwenda kula. Visanduku sita vitabaki peke yao na alternateri, vitaisukuma, volti zitapanda na hakuna kitu cha kuzizuia. Itaungua alternateri, na wewe mbele ya tablo.

Kwa hiyo moteri zisisimame! Ziache zizunguke, hata bila jani moja ndani, mpaka swichi ya visanduku ikatwe. Ulizizungusha bure siku tatu kwa ajili ya mama. Zizungushe saa moja kwa ajili yako. Na ukishakata, ngoja dakika tano kabla ya kugusa, sanduku lililokatwa bado linashika umeme.

Kumwambia Direkteri ukweli ao kutomwambia, hapo sikushauri. Ni watu ishirini na wanne. Mimi nakutaka wewe uwe hai, mengine utayapanga.

Athanase

*

Ngungu
16 Oktoba 1954

Shemeji Athanase,

Niko hai. Naanza na hilo ili Léontine aweze kukaa chini.

Polycarpe hakufika kabla ya tarehe 11. Alifika tarehe 11 yenyewe, saa sita kasoro robo, matope mpaka kiunoni, na barua yako ndani ya kofia imelowa pembeni. Visanduku vyote sita vilikuwa vimeshawashwa tangu saa mbili. Direkteri alishuka na fimbo yake, mabwana wawili nyuma, akafungua kizimba. Niliwasha kwa mkono huu ninaoandikia. Ampere zikaanguka kutoka 240 mpaka 188. Mabwana wakapiga makofi. Direkteri akanipiga begani, akasema "Fundi wa kwanza!", akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni, wakapanda nyumbani kunywa. Mimi nilibaki naangalia sindano ya kosinusi. Ilikuwa imevuka moja, imelala upande wa pili.

Shemeji, nilijua na sikujua. Tangu ulipouliza mwezi wa tatu nilijua kitu kimeharibika, lakini kila nikitaka kukitazama namwona mama kwenye ngobi anapanda mlima, na mimi dirishani natia mafuta kwenye mashine zisizo na majani. Nikaacha kutazama. Hayo tu ndiyo maelezo yangu, sina mengine.

Niliisoma barua yako nimesimama mbele ya kizimba. Nikaisoma tena. Saa ilikuwa sita kasoro dakika kumi. Nilimtuma mtu mbio kwa Direkteri kuomba ufunguo, akarudi akasema boi amemwambia mabwana wako mezani, wasisumbuliwe. Wakati huo kengele ikalia. Mzee mmoja wa mashine ya kwanza, kwa mazoea tu, akazima moteri yake. Taa zikawa nyeupe. Volti zilikuwa 400, zikapanda 420. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo: "Musizime! Muache zizunguke! Zizunguke bure!"

Watu wengine wote wa duniani wangeniuliza kwa nini. Wale wa Kingi hawakuuliza. Straton alisema neno moja tu, "Kama siku zile," na kila mtu akarudi kwenye mashine yake akasimama, mikono mitupu, chakula kinapoa nje. Yule mzee akawasha tena. Volti zikashuka kidogo, zikakaa 410. Mimi nikasimama na sindano, nasali, naapa, sijui nilifanya lipi zaidi. Robo saa hivyo.

Unajua nani alituokoa? Masikio ya Direkteri. Alisikia mashine zinazunguka saa ya chakula, akashuka na fimbo, kitambaa cha meza bado kifuani. "Kwa nini mashine zinatembea na hakuna majani?" Nikamwambia: "Bwana, kwanza ufunguo. Halafu nitakuambia yote." Sijawahi kumwambia musungu "kwanza". Labda ndiyo sababu alinipa.

Nilikata swichi. Nikangoja dakika tano kwa saa ya Straton. Nikaondoa waya za visanduku vitatu, nikawasha tena. Mchana, majani yakiwa ndani, kosinusi ikasimama 0,95 bila kutetemeka. Hesabu yako ya pili ilikuwa nzuri.

Nilipokwisha kumweleza hatari ya visanduku sita, Direkteri akauliza: "Nani alikufundisha kama mashine ya bure inazuia hatari? Na namba ya kwanza ilitoka wapi?" Straton alikohoa nyuma yangu, alitaka kusema. Nikamzuia kwa mkono. Nilisema ni mimi niliyeandika uongo kwenye rejista, na ni mimi niliyewaambia watu wabebe maiti. Direkteri akauliza: "Maiti ya nani?" Nikasema: "Ya mama yangu, Bwana." Akauliza kama nilikwenda kuzika. Nikasema hapana, mimi nilikuwa na mashine, ulikuwa unanisikia. Aliangalia mguu wake. Kisha akapanda nyumbani kwa fimbo yake.

Siku nne tulingoja. Watu walikuwa wanasokota chai kama wanasokota roho zao. Mimi nilipanga vyombo vyangu vyote kwenye sanduku, niliona nitafukuzwa, labda nitafungwa. Jana Faustin alituita wote mbele ya ofisi akasoma karatasi. Watu wa Kingi, hakuna adhabu. Damascène Nzabandora, kwa uongo ndani ya rejista: hatakuwa fundi wa kwanza, hatapewa nyumba ya matofali, na anasimamishwa kazi siku saba bila mshahara, kuanzia tarehe 18 Oktoba mpaka tarehe 24.

Faustin alisoma hizo tarehe kwa sauti ya hukumu. Sisi tukainamisha vichwa. Straton alijifunika uso na kofia, mabega yanatikisika, Faustin akadhani analia. Kila mtu wa Kingi anajua tarehe 23 ni nini. Kama Direkteri anajua, sijui. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Kwa hiyo nimepewa siku saba, shemeji. Mwezi wa pili sikupata hata moja.

Njoo. Polycarpe anarudi na barua hii leo, barabara imetengenezwa na sasa ni siku tatu tu, ukiondoka mara moja utafika. Colette anataka mbuzi, usisahau, mimi sitakutetea. Zile chupa mbili za asali ziko chini ya kitanda, hazijafunguliwa. Nitazibeba mwenyewe mpaka Kingi kama ulivyoniagiza, sitampa mtoto.

Niliandika barua hii nikiwa nimekaa vizuri, mpaka nilipofika kwenye asali. Sasa karatasi imelowa na wino unakimbia, utasoma unavyoweza. Kesho kutwa alfajiri naenda kumlilia mama yangu.

Damascène